Mwalimu wa Kwaya na Pasheni ya Mwituni

Mwalimu wetu wa kwaya hakupenda maua. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliomwona ameinama kando ya uzio wa kanisa, udongo umempanda hadi viwikoni, walidhani ni mama mpenda maua, na kila Siku ya Akina Mama walimletea waridi kwenye vyungu. Alivipokea, akashukuru vizuri, kisha akawagawia wengine kabla ibada haijaisha.

"Ua la kuangaliwa tu, juu ya nini?" alikuwa akisema. "Nani anakula pale?"

Alichokipenda ni mmea mmoja tu, na ukiuona mara ya kwanza hungesimama kuutazama. Ni mtambaji mwembamba wa kivulini, majani yake kama wayo wa bata, ua lake la kijani-njano lisilozidi kifungo cha shati. Tunda lake ni jeusi, dogo kama punje ya njegere. Niliwahi kuliweka mdomoni. Lilikuwa na ladha ya maji yaliyooshea kalamu ya wino, na ulimi wangu ukawa wa zambarau mpaka jioni.

"Si lako," Mwalimu aliniambia, akicheka. "Nani alikuambia kila tunda ni lako?"

Mimi niliuita pasheni ya mwituni, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na pasheni tunazokula nyumbani Kenya. Yeye, Mkongo, aliuita marakuja. Siku moja alinisuta kwamba sisi Wakenya tunaita hata matunda kwa majina ya Waingereza. Nikamuuliza, "Na marakuja, Mwalimu, si la Wareno?" Kwenye mazoezi ya siku hiyo aliniimbisha peke yangu mbele ya kwaya nzima, beti zote nne.

Nilikuwa nikiishi Irving, Texas, wakati huo, kwenye fleti ambazo ndege hupita juu ya paa kana kwamba zinataka kutua sebuleni. Niliwatunza wazee katika makao yao huku nikisomea uuguzi. Kanisa letu liko Haltom City, kwa kuwa ndiko familia nyingi za Wakongo zilikopewa makao zilipofika Texas. Sisi Wakenya tulikuwa wachache, tuliofuata ibada ya Kiswahili kama mtu anavyofuata harufu ya chakula cha kwao. Nikajiunga na kwaya, sauti ya pili.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye kifua kipana, umri wake kama sitini. Siku tano za wiki alipakia vyakula kiwandani, na viatu vile vya kiwandani, vyenye chuma kwenye ncha, alivivaa hata Jumapili, chini ya kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikasimama. Alikotoka hakukuzungumzia. Wanafunzi wa chuo kikuu waliwahi kuja na kinasa sauti, wakitaka awasimulie habari za vita na kambi ya wakimbizi. Akawaketisha karibu na uzio, akawaeleza kwa saa mbili jinsi mzizi unavyopita chini ya lami. Waliondoka wameduwaa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Walikuja kuchukua kilio. Nimewapa kitu bora."

Mazoezi yalianza Jumamosi saa nane. Saa nane na dakika moja mlango ulikuwa umefungwa, na hakujali kama umetoka Arlington kwa shida ya barabara. Lakini kuna Jumamosi tulifika, mlango ukiwa wazi na ukumbi mtupu. Tukamkuta nyuma ya kanisa amesimama kama mlingoti, akituashiria tunyamaze. Kiwavi kilikuwa kinavua ngozi. Tulisimama pale watu kumi na nane, tumeshika madaftari ya nyimbo, tukitazama kitu kisichozidi kidole cha mtoto kikijikamua kutoka katika nguo yake ya zamani. Tulianza saa tisa kasoro. Hakuomba radhi.

Viwavi hivyo ni vya rangi ya chungwa na vina miiba myeusi mwili mzima, na ndiyo maana watoto walivikimbia. Yeye alichukua kimoja akakiweka shavuni, kikatembea mpaka sikioni. "Kinachoma? Hakichomi. Kinajifanya tu, kama nyinyi mnavyojifanya wakubwa." Alitueleza kwamba kipepeo wake, yule wa rangi ya chungwa mwenye madoa ya fedha chini ya mabawa, hatagi mayai mahali pengine ila kwenye majani ya ukoo huu. "Ni kama mtoto mchanga anayekubali ziwa la mama yake tu. Ukiondoa mama, huwezi kumwambia mtoto akale kabichi."

Sasa niseme mmea ulivyofika kanisani, maana hapo nilikuwepo, ingawa si kwa kujivunia.

Nyuma ya kiwanda chake palikuwa na kijito na kichaka, na Mwalimu alikuwa akila chakula chake cha mchana huko. Huko ndiko alikouona mmea, akaujua kwa jani na kwa vikonyo vyake vinavyojisokota kwamba ni ndugu wa marakuja. Aliutazama misimu miwili bila kumwambia mtu. Kisha vikaja vigingi vya wapima ardhi, vyenye utepe, na asubuhi moja akanipigia simu.

"Binti, uko na gari?"

"Ninalo, Mwalimu, lakini nina mtihani—"

"Kuja. Leta ndoo."

Tulipofika, tingatinga lilikuwa limeshafagia nusu ya kichaka. Nilimwambia tutashtakiwa, kwamba mimi niko hapa kwa viza ya masomo na siwezi kuonekana kwenye uwanja wa watu. Akanitazama, hakukasirika.

"Basi kaa kwenye gari. Viza isichafuke."

Nikakaa kwenye gari. Nilimwona kupitia kioo akitembea moja kwa moja hadi mbele ya tingatinga, akiwa na ndoo kichwani, akasimama. Dereva alipiga honi. Alipiga tena. Mwalimu alishusha ndoo chini, akaikalia. Mwishowe injini ikazimwa, na yule dereva, Mmeksiko wa makamo mwenye kofia ya kazi, akatoa kichwa na kusema maneno ambayo sikuyasikia. Mwalimu alimjibu kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza cha kiwandani, akionyesha kichaka. Dereva alitazama saa yake. Akainua vidole vitatu: dakika thelathini. Ulikuwa muda wake wa chakula.

Dereva alikula huku akimtazama Mwalimu akichimba kwa mwiko wa bustani. Baada ya tonge kadhaa akafunga chakula chake, akashuka na sepeto, akaanza kuinua mizizi pamoja naye, polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Walijaza ndoo. Walipomaliza walipeana mkono, naye akapanda tingatinga lake, akaendelea na kazi yake. Leo pale kuna ghala kubwa, na watu wetu watatu wa sauti ya nne wanafanya kazi humo.

Mizizi mingi ilikufa. Minne iliyopona aliipanda kwenye uzio wa waya nyuma ya kanisa, upande wenye kivuli. Mbegu zake zilihitaji baridi kabla ya kuota, basi akazitia katika mchanga mbichi, ndani ya kopo, kwenye friji ya kanisa. Katikati ya maandalizi ya arusi moja, mama wa jikoni akalichukua kopo lile akidhani ni viungo. Mwalimu alimkuta ameshaushika mwiko. Kelele zile zilisikika mpaka barabarani. Tangu siku hiyo kopo liliandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na jikoni hakuna aliyethubutu kuligusa hata kwa kulifuta vumbi.

Alikuwa mtu mgumu, sitaki kumpaka mafuta. Alimfukuza msichana mmoja wa sauti ya kwanza kwa kucheka wakati wa sala, na aliposikia baadaye kwamba aliyecheka alikuwa mwingine, hakumrudisha. Aliyebembeleza viwavi ndiye aliyeua mende kwa viatu vyake vya chuma kwa raha ambayo ilitutisha. Alituhubiria subira, na yeye mwenyewe hakuweza kusubiri taa ya barabarani ibadilike bila kuitukana kwa Kifaransa.

Lakini ubishi wake ndio uliolifanya kanisa zima lijue ni nani.

Mwenyekiti wa kamati ya majengo alikuwa mtu mwema. Alilitengeneza paa letu kwa mikono yake wakati hatukuwa na kitu. Jirani mwenye uwanja wa kuhifadhi magari alimlalamikia kwamba uzio wetu umejaa magugu, na kwenye Jumamosi ya usafi, mwezi wa Juni, Mwenyekiti akachukua mashine ya kukatia nyasi, akaufyeka uzio wote. Hakuuliza mtu. Ilimchukua dakika kumi.

Tulipofika mazoezini tulimkuta Mwalimu amechuchumaa kwenye lami, jua likiwaka kama ghadhabu, akiokota viwavi kimoja kimoja na kuviweka kwenye pindo la kitenge chake. Vingine vilikuwa vimeshakauka. Sisi nasi tukaanza kuokota, bila kuambiwa. Alikuwa na vyungu viwili vya mmea kwenye kibaraza cha fleti yake, tukavipeleka huko viwavi vilivyobaki hai. Siku hiyo hatukuimba.

Jumapili, Mchungaji alitangaza kwaya. Tulikuwa tumekaa na majoho yetu. Tukamtazama Mwalimu. Akatikisa kichwa mara moja. Hakuna aliyesimama.

Nilisikia mashine ya kupoza hewa ikinguruma. Nilisikia mtoto akifungua karatasi ya peremende.

"Mwalimu," Mchungaji alisema, akijaribu kutabasamu, "kwaya iko wapi?"

Mwalimu akasimama. "Kwaya iko hapa. Haiimbi."

"Kwa nini, mama?"

"Jana mmekata kitu changu bila kuniuliza. Leo nami nimekata changu."

Mwenyekiti akainuka upande wa wanaume, uso umemwiva. "Mama, unazuia sifa za Mungu kwa ajili ya viwavi?"

"Kila kitambaacho, Mungu alikiumba siku moja na ng'ombe," Mwalimu alisema. "Kitabu kiko mkononi mwako. Soma."

Bibi mmoja nyuma akapiga kofi moja, akajizuia. Mwalimu akaketi.

Jumapili tatu hatukuimba. Mke wa Mchungaji alijaribu kuongoza nyimbo, sauti yake ikatembea peke yake ukumbini kama mgeni asiyepokelewa. Kanisa liligawanyika. Watu wawili waliihama kwaya na kanisa pia, na mmoja wao alikuwa rafiki yake wa zamani, ambaye waliimba pamoja tangu kambini. Nilimsihi Mwalimu ampigie simu. "Mlango uko wazi," alinijibu, na hakupiga. Ninavyojua mimi, hawakuzungumza tena. Niliona jinsi alivyokuwa akikitazama kile kiti kitupu kwenye mstari wa mbele, akigeuza macho haraka. Ubishi wake ulikuwa na bei, naye aliilipa bila kuomba kupunguziwa.

Wiki ya nne mvua ilinyesha. Aliyeona kwanza ni Mwenyekiti, alipokwenda kuzibua mfereji. Alimpigia simu yeye mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "kitu chako kimerudi."

Mizizi ilikuwa imechipua kila mahali, mingine ikitokeza kwenye ufa wa lami hatua tatu kutoka kwenye uzio. Jumanne kamati ilikutana, na Mwalimu alikuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilisema kwamba kuanzia nguzo ya lango hadi mfereji hakuna mtu atakayekata chochote, na atakayekata atamwagilia mmea huo kiangazi kizima. Mwenyekiti aliisoma mara mbili.

"Hiki kifungu cha kumwagilia kinaanza lini?" aliuliza.

"Kimeshaanza," Mwalimu alisema.

Mwenyekiti akatia sahihi. Na akamwagilia. Kiangazi chote kile, katika joto linaloyeyusha soli za viatu, tulimwona amesimama na mpira wa maji, uso ameugeuzia barabarani kama mtu anayemwogesha mbuzi wa jirani. Hakusema samahani, naye Mwalimu hakumdai. Mpaka leo anauita magugu. Jumapili iliyofuata mkutano ule tuliimba, na Mwalimu alituanzishia wimbo juu kuliko kawaida. Kama ilikuwa adhabu au furaha, sikuwahi kujua.

Habari zilimfikia mama mmoja mzee wa Kimarekani, mwenye kofia ya majani, wa kikundi cha kujitolea kinachorudisha mimea ya asili kando ya vijito. Alikuja, akapiga magoti penye uzio, akashika jani kwa vidole viwili. Alisema alikuwa ameutafuta mmea huu kwenye vijito vya karibu kwa miaka mingi, na kila alipofika alikuta maghala na maegesho. Akataka kununua miche.

"Siuzi," Mwalimu alisema. "Mje Jumapili, msali nasi, kisha mchukue."

Walikuja. Wazee wa Kimarekani kumi na wawili walikaa mstari wa nyuma saa tatu nzima bila kuelewa neno, wakisimama tuliposimama. Baada ya baraka walibeba miche mikononi kama watu waliopewa watoto wachanga. Mwalimu alikwenda nao kijitoni, akawaonyesha kina cha shimo na upande wa kivuli, na aliyepanda vibaya alimng'olea mche, akampandisha upya, awe na mvi au asiwe nazo.

Mimi na yeye tuligombana nilipohitimu. Nilipata kazi katika hospitali moja kubwa ya Houston, nikanunua nyumba Pearland, pembeni mwa jiji hilo. Nilimwambia baada ya mazoezi, nikitarajia pongezi.

"Houston? Kule kwa mafuriko?"

"Ni kazi, Mwalimu. Nimeisomea."

"Miaka sita nimekutengeneza hiyo sauti. Sasa unaipeleka Houston."

Hakuja kwenye chakula cha kuniaga. Nilimtumia ujumbe wakati wa Pasaka, Krismasi, na siku niliyosikia amestaafu kwa ajili ya magoti. Hakujibu hata mmoja. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile niliibeba zamu baada ya zamu, mpaka nikaacha kuitambua.

Kisha Oktoba iliyopita, Ijumaa mchana, simu ikalia.

"Niko kwenye kituo cha basi. Houston. Kuja."

Nilimkuta ameketi kwenye benchi, amepungua mwili, ana fimbo, na miguuni pake kuna sanduku la karatasi lenye matundu. Alinitazama toka juu hadi chini. "Umenenepa," alisema. "Vizuri." Ya miaka ile ya kimya hakugusia, nami sikugusia. Alikula ugali wangu na mboga, akakosoa chumvi, akalala mapema.

Asubuhi alifungua sanduku. Miche miwili, imefungwa kwa gazeti bichi.

"Wapi?"

Nikamwonyesha uani nyuma, kwenye kona ya uzio.

"Nyuma? Kwani umeiba?"

Nilimweleza kuhusu mtaa wetu. Tuna chama cha wenye nyumba kinachoandika barua pipa la taka likilala nje, nyasi zikizidi kipimo, mlango ukipakwa rangi wasiyoipenda. Nilikuwa na barua zao tatu kabatini, na zote tatu nilizitii siku hiyohiyo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akaegemea fimbo, akachagua mahali chini ya mwaloni mdogo, karibu na njia ya kuingilia, panapoonekana na kila anayepita. Magoti yake hayakukubali kuinama tena. Akanipa mwiko.

Sikuwa nimechimba hata inchi nne pale gari dogo jeupe liliposimama. Mwanamke wa chama akateremsha kioo, tableti mkononi. Alinisalimia kwa upole, akauliza tunapanda nini, na kama kimo kwenye orodha ya mimea iliyoruhusiwa. Akaongeza kwamba mitambaji mbele ya nyumba kwa kawaida huondolewa.

Nilifungua mdomo kuomba radhi. Radhi ninaijua kwa Kiingereza kuliko neno lingine lolote. Niliomba radhi uwanja wa ndege, nikaiomba kazini, nikaiomba kwa wagonjwa walionitukana.

"Ni mmea wa hapa," nilisema. "Ulikuwepo kabla ya nyumba hizi. Hautoki."

Akaniambia, bado kwa upole, kwamba huenda nikaandikiwa barua.

"Andikeni," nilisema. "Nitakuja nayo kwenye kikao, niisome kwa sauti mbele ya majirani wote, kisha niwaambie kwa nini siifuati."

Aliandika kitu kwenye tableti. Kioo kikapanda, gari likaondoka polepole hadi kona. Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa amesimama na fimbo yake, amesikia na kuelewa kila neno, na nikangoja aseme kitu.

Alitazama chini, penye miguu yangu.

"Shimo bado halijafika," alisema. "Chimba."